Mawe Yangu Yalipita Mitihani Yote ya Rubi

Mimi nauza viatu vya mitumba hapa Nakuru, mwaka wa kumi na moja huu, na kama kuna kitu nakijua ni venye mteja anapima kiatu. Anakunja soli. Anakunja, anaachilia, anatingisha kichwa kama fundi, halafu analipa. Sasa soli ya raba yoyote inakunjika, hata ya kile kiatu kitaachana na gundi kabla Krismasi. Pa kuangalia ni pale soli inakutana na ngozi, lakini sijawahi kumwambia mteja hivyo na sitaanza leo. Nataja hii juu mwaka juzi mimi ndo nilikunja soli. Nikakunja vizuri sana, nikapima, nikapiga hesabu, halafu nikatoa elfu sitini na tano kwa mawe mekundu niliyoambiwa ni rubi ya Baringo.

Aliyeniuzia alikuja kwanza kama mteja wa buti. Akalipa bila kubishana bei (hapo ningeshtuka, nani hulipa mitumba bila kubishana), akatoa kitambaa mfukoni, akafungua fundo. Mawe kama thelathini hivi, mengine makubwa kama gololi, mengine kama harage, mekundu ya kuelekea zambarau, yakiwa mkononi meusi meusi tu lakini ukiyainua juani yanawaka kama juisi ya zambarau kwa glasi. Akasema ametoka nayo huko juu ya Marigat, anatafuta mtu wa mjini mwenye mtaji mdogo wa kushirikiana naye. Na shida ni kwamba Baringo rubi iko kweli, hiyo si hadithi, kwa hivyo uongo wake ulikuwa umekalia kiti cha ukweli. Yakuti ndo jina lake la vitabuni lakini kwa hii biashara kila mtu anasema rubi.

Akanionyesha mitihani mitatu. Akakwaruza chupa ya soda na jiwe, chupa ikabaki na mstari mweupe, jiwe halina hata alama. Akawasha tochi ya simu chini ya jiwe, likawa jekundu lote. Halafu akaniwekea jiwe kwa kiganja kimoja na kokoto ya kawaida ya ukubwa huo kwa kingine, nikasikia tofauti ya uzito hata bila mizani. Mimi si mjinga, nikamwambia niachie moja nikapime mwenyewe. Akaniachia bila wasiwasi wowote. Hapo pia ningeshtuka, lakini mimi nikaona ni uaminifu.

Usiku huo baada ya watoto kulala nikaingia kwa simu kusoma. Nikapata kwamba rubi ina uzito mara nne ya maji ya ukubwa sawa na yenyewe, yaani 4.00, na kuna njia ya kupima hiyo nyumbani. Jirani yangu hupika keki za oda, nikaazima mizani yake ya dijitali. Jiwe lilikuwa gramu 11.6. Halafu unaweka kikombe cha maji juu ya mizani, unarudisha namba iwe sifuri, unafunga jiwe na uzi mwembamba, unalizamisha likining'inia katikati bila kugusa chini wala ukingo wa kikombe, na unasoma. Mkono ulikuwa unatetemeka kidogo, nikajaribu mara tatu, mara zote 2.9. Gawanya 11.6 kwa 2.9. Inakuja nne kamili.

Nilikaa pale jikoni nikiangalia ile 4.0 kwa kalkuleta ya simu na nikaanza kutumia pesa kichwani. Karo ya fomu wani. Mabati. Nikaona mpaka rangi ya geti.

Elfu arobaini nilikopa kwa chama, elfu ishirini na tano ilikuwa pesa ya kununua mzigo wa viatu. Mia tano kwa gramu, gramu mia moja na thelathini. Baba watoto sikumwambia, nilitaka kumshangaza.

Sasa kuuza ndo nikaanza kuona maajabu. Wa kwanza niliyempelekea, mtu wa hapa hapa mjini anayenunua mawe, aliangalia kitu kama sekunde kumi akasema ni ganeti, jiwe lingine jekundu la bei ya chini, akanitajia bei ya shilingi ishirini kwa gramu. Nikatoka nimekasirika, nikajua anataka kuninyonya juu ameona mama wa mitumba hajui kitu. Ningemuuliza swali moja tu, amejuaje, ningejiokolea miezi miwili. Badala yake nikayafungia kwa mkebe wa Blue Band nikangoja mnunuzi mkweli, na huko chama riba inapanda.

Kosa lililofuata linaniuma kuliko hizo pesa. Dada yangu ameolewa Kisumu na shemeji ni fundi wa kuchomelea, ako na kazi yake upande wa Kibuye. Nilienda kuwaona, nikabeba mawe, nikamweleza kwamba rubi ndo ya pili kwa ugumu baada ya almasi. Shemeji akasema hiyo ni rahisi, "Leta tuone kama grainda itaiguza." Mimi kwa kiburi nikampatia kubwa na safi kuliko yote, lile la 11.6. Akaligusisha kidogo tu kwa diski. Upande mmoja ukageuka mweupe kama kioo cha choo, halafu ufa mwembamba ukakimbia mpaka katikati. Kimya chote. Akaniangalia akasema, "Shem, pole," akazima mashine.

Kitu sikujua ni kwamba zile diski na msasa mwingi wa kawaida unatengenezwa na aluminiamu oksaidi, na rubi yenyewe ni aluminiamu oksaidi, ile ile, ila ya rubi imejiunda polepole chini ya ardhi na ikaingiliwa na kromiamu kidogo ndo ikawa nyekundu. Kwa hivyo nilichukua ganeti nikaisugua na ndugu wa rubi. Lakini hata ingekuwa rubi halisi diski ingeikwaruza vile vile juu ni kitu kimoja kwa ugumu, na rubi pia hupasuka. Kwa hivyo ule mtihani haukunifundisha chochote, ulikula jiwe langu bure. Tafadhali mtu asikwaruze jiwe lake kwa nia ya kulipima. Asikubali na mtu mwingine amkwaruzie.

Dada ndo akanipeleka kwa sonara, mzee wa Kihindi ambaye Kiswahili chake kimekomaa kuliko changu. Nikaweka mawe juu ya kitambaa chake. Kabla hajayagusa akaniuliza, "Mama, wewe umepima nini?"

Nikamwambia mambo yote, chupa, tochi, mizani, hiyo nne kamili nikaisema kwa sauti.

"Na ganeti ingepata ngapi?"

Nikabaki nimenyamaza. Sikuwa nimewahi kujiuliza ganeti ingepata ngapi. Nilikuwa nimeuliza simu rubi ikoje, basi. Mzee akavuta daftari la risiti, akageuza nyuma akaandika: rubi, 4.00. Chini yake: ganeti nyekundu, 3.8 mpaka 4.2. Akaizungushia kalamu ile nne yangu katikati ya hizo mbili, mduara mdogo, kama mwalimu.

Halafu akarudia kila mtihani niliofanyiwa. Chupa? Kioo kiko karibu tano na nusu kwa ile skeli ya ugumu ya Mohs. Ganeti ni saba mpaka saba na nusu, rubi ni tisa, zote zinakwaruza chupa, hata mchanga wa kawaida unakwaruza chupa. Tochi? Zote nyekundu, zote zinapitisha mwanga. Uzito? Tumeona. Kila mtihani wa yule jamaa ulikuwa ule ambao ganeti inapita bila kutoka jasho, na wangu wa jikoni pia, na huo wangu ndo mbaya zaidi juu niliufanya mwenyewe na hakuna mtu alinidanganya.

Nikafikiria soli zangu. Sikusema kitu.

Mzee hakuwa na haraka siku hiyo, mvua ilikuwa inanyesha na duka halina watu, akatoa rubi yake ndogo kwa bahasha, akaiweka kando ya ganeti yangu moja, na hapo ndo nilisoma kile nilikuwa nimeshalipia elfu sitini na tano. Nitajaribu kueleza.

Tofauti kubwa ya hizi mbili iko kwa venye mwanga unapita ndani. Ukiingia kwa rubi unagawanyika mara mbili, ukiingia kwa ganeti unabaki mmoja. Ni mpangilio wa ndani wa jiwe, ganeti imejipanga sawa kila upande, rubi haiko hivyo. Alikuwa na kibomba kidogo kama kifuniko cha lipstiki, ukichungulia unaona vidirisha viwili. Akaweka ganeti: vidirisha viwili, rangi moja. Akaweka rubi yake, akaigeuza polepole, na kidirisha kimoja kikawa nyekundu ya kuelekea zambarau na kingine nyekundu ya kuelekea chungwa. Kwa jicho la kawaida ni jiwe moja jekundu. Nilichungulia mara nyingi mpaka akacheka.

Hiyo ya kibomba unaweza kukaribia kuifanya nyumbani kama uko na miwani ya jua ya polaroidi (zile za kukata mng'ao) na skrini ya kompyuta, zile nyingi bapa za kawaida. Weka skrini iwe nyeupe kabisa, tazama ukiwa na miwani huku ukiinamisha kichwa mpaka uone skrini imekuwa nyeusi. Hapo pitisha jiwe katikati ya skrini na miwani, ulizungushe. Rubi itakuwa inawaka na kuzima, mara nne kwa mzunguko mmoja. Ganeti inabaki giza, ingawa zingine huonyesha mawingu mawingu. Jiwe la kuchimbwa lina ngozi mbaya inayotawanya mwanga, kwa hivyo lizamishe kwa glasi safi ya maji au mafuta ya kupika, na ulijaribu kwa pande kadhaa, juu hata rubi iko na upande mmoja ambao ukichungulia kupitia huo inajifanya kama ganeti. Kama limebaki giza pande zote jua tu si rubi, haimaanishi ni ganeti. Spineli, jiwe lingine linaloweza kuwa jekundu, pia iko hivyo na kioo pia. Mzee akasema ile rubi kubwa maarufu kwa taji la Uingereza, karati kama 170 (gramu kama 34), ni spineli, na ilikaa karne nyingi ikiitwa rubi na wafalme. Sijui kama alikuwa ananifariji ama ananicheka.

Ya pili ni ile taa ya zambarau ya kuangalia noti bandia. Gizani, rubi nyingi huwaka nyekundu kama kaa la moto, ganeti inabaki imelala, chuma ndani yake kinazima hiyo moto. Rubi yenye chuma kingi pia inaweza kuwaka kidogo tu, kwa hivyo kutowaka pekee kusikufanye utupe jiwe.

Na ya tatu ndo napenda, juu haihitaji hata kitu cha maana. Ganeti nyekundu iko na chuma cha kutosha kuvutwa na sumaku kali. Si sumaku ya friji, ile kali kabisa, fundi wa kompyuta alinitolea moja kwa hard disk mbovu kwa shilingi mia. Kwa mkono hutasikia kitu, jiwe ni zito na mvuto ni mdogo. Ujanja ni kuondoa msuguano: beseni ya maji, kipande cha ile stairofomu nyeupe nyepesi inayokuja na katoni za tivi, jiwe juu yake, ngoja maji yatulie kabisa. Halafu sogeza sumaku karibu na jiwe bila kugusa. Nilipofanya nyumbani kile kipande kilikaa kidogo kama kinafikiria, halafu kikaanza kuja. Polepole, chenyewe, kikifuata mkono wangu kwa beseni kama bata. Mtoto wangu wa mwisho akapiga makofi. Mimi nilikuwa nalia lakini sikumwonyesha. Rubi inakaa hapo hapo haijali.

Umbo pia lingeniambia mapema. Ganeti ikiota vizuri inakuwa kama kampira kenye nyuso kumi na mbili, kila uso kama almasi ya karata. Rubi ni ya pembe sita, bapa kama sahani ndogo au kama pipa. Yangu mengi yalikuwa yamevunjika, lakini nilipoyapanga upya mezani nikapata matatu yenye zile nyuso za karata, wazi kabisa, yalikuwa kwa mkebe wangu miezi yote hiyo.

Hapo nikajiona profesa, na mtu akijiona profesa anarudi kununua. Nilipata pete yenye jiwe jekundu safi kabisa kwa mtu wa vitu vya zamani, elfu mbili. Nikaipitisha kwa skrini, ikawaka na kuzima. Sumaku haikuisogeza. Taa ya noti, ikawaka kuliko ile ya mzee, gizani ni moto mtupu. Nikapanda matatu mpaka Kisumu, Kericho kuna ukungu, moyo unaruka. Mzee akaweka lenzi jichoni akanionyesha mistari ya kupinda ndani, kama mistari ya sahani ya santuri, na povu dogo dogo. Ni rubi sawa, lakini ya kiwandani. Mfaransa Verneuil alitangaza njia ya kuzitengeneza mwaka wa 1902, unga unayeyushwa kwa moto tone kwa tone, na ni bei rahisi sana. Mitihani yangu mipya ilikuwa inauliza rubi ama ganeti. Haikuwa inauliza imetoka ardhini ama tanuruni. Tena akasema kuna nyingine za ardhini kweli lakini zimejaa nyufa zikazibwa na kioo chenye madini ya risasi, hizo hata maji ya ndimu yanaziharibu, na fundi akizipiga moto wa kuchomelea pete kioo kinaharibika. Nikaacha kununua. Sijui kama nimeacha kabisa lakini nimeacha.

Hesabu yangu kwa wale wanapenda namba. Mawe 65,000. Riba ya chama, nauli za Kisumu, ile pete na kuchongesha mawili, kama 17,000 nyingine. Nilirudisha pesa kidogo tu, mengi nikiyauza kama ganeti kwa yule yule wa shilingi ishirini, ambaye kwa heshima yake hakunikumbusha chochote. Baba watoto nilimwambia siku ya kulipa chama. Alikaa kimya siku mbili, ya tatu akauliza, "Hilo jiwe moja lililochongwa liko wapi?" akaliangalia dirishani akasema ni zuri.

Na ni zuri kweli. Hapa niseme, ganeti si takataka, kosa lake ni kuuzwa kwa jina la mwingine. Kwa kawaida haichomwi moto wala kuzibwa nyufa kama rubi, rangi unayoiona ndo yake. Tena ile ganeti ya kijani ya Taita Taveta, tsavorite, inauzwa bei ambayo ganeti nyekundu haiwezi kuota. Ila kwa pete ya kila siku ya mtu anayefua na kuosha vyombo, ganeti itachoka, juu vumbi letu limejaa mchanga wa ugumu wa saba, na ukiipangusa ikiwa kavu unaisugua na msasa mdogo mdogo kila siku mpaka kingo zinafifia. Osha na maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza, halafu ndo upanguse. Yangu niliitia kwa kidani cha shingo. Na bei, jua jiwe bichi linauzwa kwa gramu na lililochongwa kwa karati, gramu moja ni karati tano, mtu akichanganya hizo mbili haraka haraka mbele yako mwambie arudie polepole.

Kitu kingine nilijua nikiwa nimechelewa, Sheria ya Madini ya 2016 inataka mtu anayenunua na kuuza madini awe na kibali. Mimi nilinunua juu ya rundo la viatu, bila risiti, bila jina kamili, nina namba ya simu tu. Hata ningetaka kushtaki ningeanza kwa kujishtaki.

Hiyo namba sikuifuta. Disemba ilipiga. Sauti ile ile, tamu, "Mama wa viatu, habari ya siku nyingi, nimepata mzigo mwingine, huu ni safi kuliko ule wa kwanza." Nikamwambia karibu sana, kuja nao Jumamosi, mimi nitaleta beseni.

"Beseni ya nini?"

"Ya maji."

Akasema netiweki ni mbaya hapo alipo, atanipigia. Nimejaribu mara mbili tangu siku hiyo, mteja hapatikani.